Kengele ya Wimbo wa Nne

Bunia, Mudzi Pela, tarehe 9 Oktoba 2011

Kaka na yaya yangu mpenzi Adrien,

Natumaini karatasi hii itakukuta umesimama, homa imekwisha, na masomo ya huko Kisangani yanakwenda. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama unakula mboga au unaishi kwa mkate na chai tu. Mimi nilimjibu kwamba unakula, basi ukimwandikia usinigeuze mwongo. Siye huku tuko, Mungu anatusaidia. Mvua inanyesha kila alasiri, bati letu linavuja palepale pa zamani, na mbuzi wa jirani amezaa mapacha ambao wanalala mlangoni petu kana kwamba ni kwao.

Barua hii nampa Jérôme, yule dereva wa lori tunayesali naye, kwa sababu anashuka huko wiki hii. Umenipigia simu mara nyingi, nami kila mara nimesema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya, yaya. Kuna mambo ambayo nikiyasema nasikia pumzi yako upande wa pili, sitayamaliza. Kwenye karatasi nitayamaliza.

Kwanza nijibu ulichoniuliza: albamu mpya ya Radi ikoje. Weye ndiye uliyenifundisha kumpenda Radi, ulipokuja na kaseti yake ya kwanza na kuniambia kwamba huyu ni mutoto wa Bunia kama siye, aliyekimbizwa na vita akiwa mudogo, akakulia Kampala, na anapiga muziki wake wote kwa kompyuta. Tangu siku ile nimegombana na watu wengi wanaosema muziki wa kompyuta si muziki. Hii mpya inaitwa Kurudi kwa Miguu. Ilifika pale kioski, ninapofanya kazi ya kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo, ikiwa kwenye kadi ndogo ya memori. Wateja wengine walikuja kuomba nyimbo za dini wakaondoka na Radi.

Wimbo wa kwanza unaanza na mlio wa jenereta inayokataa kuwaka. Mtu anavuta kamba, anavuta tena, na inapokubali, mngurumo wake ndio unakuwa ngoma. Nilicheka peke yangu, maana Bunia yote iko ndani ya mlio ule. Wa pili, anisamehe, ni wimbo wa kutangazia sabuni. Wa tatu vijana wanaupenda kwa sababu unachezeka, lakini mimi naona bado anaifungia sauti yake ndani ya mashine, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Angeiacha wazi tungemsikia vizuri zaidi. Zile za mwisho ni nzuri ila ndefu, na gitaa nimelitafuta sikulipata.

Halafu kuna wimbo wa nne. Ule karibu hauna maneno. Kuna upepo wa mlimani, kuna nyayo kwenye majani, na kengele ya ng'ombe. Kengele inalia kidogo, inanyamaza. Kisha Radi anaichukua, anaikata vipande, anakipa kila kipande sauti yake, ya juu na ya chini, mpaka unasikia kundi zima likishuka kwenda kunywa maji. Niliusikia nikiwa nimeshika simu ya mteja mkononi. Nilikaa chini, na mteja aliniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimesikia kengele ya baba. Unajua naisema ipi: ile aliyofuliwa kule Kilo kwa chuma cha zamani cha machimbo, ambayo ng'ombe wetu wa mbele aliivaa shingoni. Ng'ombe walichukuliwa wote mwaka ule wa vita, kengele ikaenda nao, na baba alikufa kwenye kambi ya wakimbizi miezi michache baadaye bila hata ndama mmoja wa kuachia watoto. Nilifunga kioski, nikakimbia nyumbani, nikamsikilizisha mama. Baba mudogo Marcellin alikuwa amekuja kumsalimu, naye akasikiliza. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Baba mudogo aliomba niurudishe mwanzo, kisha akasema kwamba kweli mimi nimerithi masikio ya ndugu yake.

Jambo lile lilienea katika ukoo wetu kabla ya Jumapili. Watu walikuja kioski kusikiliza, na kila aliyesikiliza alinisifu. Muzee mmoja wa kanisani aliniwekea mkono kichwani. Mimi ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza neno katika mikutano ya familia, nikawa naitwa nikae kwenye kiti. Nakuambia hili ili uelewe mbeleni.

Kumbe Radi mwenyewe alikwisha kueleza redioni mahali alipoirekodi. Alisema alipanda milima ya nyuma ya Kilo akitafuta sauti, akalala kwa muzee anayeitwa Fulgence, mwenye ng'ombe wachache na ukarimu mwingi. Jina la kijiji lilitosha. Baba mudogo alisema ni wa upande ule, nawe unajua maana ya neno hilo kwetu tangu vita: ni wao tunaosema walichukua ng'ombe. Mama alimwomba apitie kwanza kwa chefu wa eneo, au kwa wachungaji wa makanisa ya pande mbili wanaoshughulikia mambo ya amani. Alijibu kwamba amani ya kumwachia mwizi kitu chake si amani, bali ni woga. Akakusanya vijana wa ukoo wenye pikipiki, na mimi akanipandisha nyuma yake, niwe shahidi.

Muzee Fulgence alitupokea vizuri, yaya. Hilo linanirudia kila siku. Aliona vijana wengi wasiotabasamu, hata hivyo aliagiza viti vitolewe nje, na mke wake, mama Valérie, akaanza kuwasha moto wa chai. Baba mudogo alikataa kukaa. Akasema tumekuja kuchukua kengele ya marehemu ndugu yake. Muzee hakukasirika. Alituongoza mpaka zizini, akamshika ng'ombe mmoja mweupe aliyevaa kengele, akasema taratibu, "Hii kengele ni ya baba yangu. Ilifuliwa Kilo mbele mimi nizaliwe. Muulize muntu yeyote hapa."

Baba mudogo akaitikisa. Ililia. Vijana wote wakanigeukia, na yeye akaniuliza mbele ya watu wote, "Débora, iko yetu?"

Nikajibu, "Ndiyo, iko yetu."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kijana mmoja alikata ukanda wa kengele kwa kisu. Muzee alikuwa ameushika kwa mikono miwili, akavutwa nao, akaangukia jiwe la kusagia lililokuwa karibu na zizi. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele, alitoa tu pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na mama Valérie akaja mbio akapiga magoti kando yake. Siye tukaondoka. Chini ya mlima vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kuweka miti barabarani. Pikipiki moja ilichomwa, tukakimbia kwa miguu katika mashamba ya mihogo, baba mudogo akiwa ameikumbatia kengele ndani ya koti. Nashukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Lakini Bunia ilibadilika. Watu wa milima ile hawakushuka sokoni na maharagwe yao. Wanawake wa kwetu waliacha kwenda shamba la mbali. Watu walianza kuulizana mtu fulani ni wa wapi, kwa sauti ile ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mutoto. Jirani mmoja alifunga mizigo yake, akasema safari hii hatangoja kuambiwa akimbie. Wachungaji walikwenda na kurudi. Muzee Fulgence aliletwa hapa mjini kwenye machela, nyonga imevunjika, akalazwa hopitali.

Na weye, yaya, siku zilezile ulimpigia baba mudogo simu, akakuambia kengele imerudi na kwamba itatunzwa kwa mama, ikungoje kama mwana wa kwanza. Mama aliniambia ulilia kwa furaha, ukasema sasa baba atapumzika. Ndipo nilipoanza kukukimbia kwenye simu.

Kengele haikuwa yetu.

Kumbuka weye mwenyewe uliwahi kuiangusha ya baba kwenye mwamba, ukachapwa. Tangu siku ile ilikuwa na ufa, na kila ilipolia, mwishoni ilitoa mlio wa nyuki aliyefungwa ndani ya chupa. Jioni ya kabla ya safari nilivaa kaske masikioni, nikausikiliza wimbo wa nne taratibu. Nyuki hakuwemo. Sauti ilikuwa safi mpaka mwisho wake. Nilijiambia kwamba Radi ameusafisha mlio kwa kompyuta, maana wanamuziki wa namna ile wanaweza kuondoa mikwaruzo yote, najua, ndiyo kazi ninayoipenda. Nililala na neno hilo. Lakini pale zizini hapakuwa na kompyuta. Baba mudogo aliitikisa mbele ya uso wangu, ikalia safi, na mimi nikajua bila shaka yoyote. Kisha nikasema ndiyo.

Nimejiuliza sana kwa nini. Niliogopa, hilo ni kweli. Lakini nisijifiche nyuma ya woga. Watu wote walikuwa wananitazama wakingoja masikio yangu, na nilishindwa kuwa tena yule Débora wa kioski ambaye haulizwi. Ni hilo tu. Muzee wa watu amevunjika kwa ajili ya hilo.

Wiki iliyopita nilishindwa kula, na mama akaniuliza. Nikamwambia yote. Nilingoja anipige. Alitazama ukutani, pale alipoitundika kengele juu ya picha ya baba. Halafu akasema, "Nilijua, mwanangu. Marcellin alipoiingiza mu nyumba nikaitikisa, nikajua haiko ile. Nilitaka tu kitu chake kimoja kirudi."

Tulilia pamoja. Kisha akapanda juu ya kiti, akaitoa, akaifunga katika kitenge chake kizuri, tukaenda hopitali.

Muzee Fulgence amelala chali, mguu umefungwa kamba na jiwe la kuuvuta. Mama Valérie alipotuona alisimama mlangoni asitupishe. Mama alifungua kitenge. Muzee aliomba apewe. Aliitikisa mara moja karibu na sikio, akafumba macho, akamkabidhi mke wake. Mama aliinamisha kichwa kuomba msamaha. Basi muzee akaniangalia mimi, akauliza, "Ni weye ulisema ndiyo?"

Nilijibu ni mimi.

Akasema, "Mimi umeniambia kitandani. Watu wangu hawakusikia. Kaseme kule ulisema uwongo, mbele yao na mbele ya watu wako." Kisha akageuza kichwa upande wa dirisha. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Tangu siku ile mama anampelekea uji. Mama Valérie anaupokea, anarudisha sufuria ikiwa imeoshwa, lakini hatusalimii.

Wachungaji wamepanga mkutano wa pande mbili Jumamosi hii, palepale kijijini. Nimewaambia nitasema. Baba mudogo amekuja hapa akiwa amewaka. Anasema nikifungua mdomo nitaufanya ukoo wetu wote kuwa wezi, na kwamba nisimwite tena baba. Amesema pia kwamba weye utakuwa upande wake. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie kabla ya kwenda, yaya, lisikufikie kwa mdomo wa mwingine. Kengele ya baba sijui iko wapi. Pengine iko shingoni mwa ng'ombe fulani, pengine iliyeyushwa zamani. Ile uliyoililia nimekunyang'anya mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa, na haikuwa yangu kutoa.

Kuhusu albamu, ukiniuliza kama rafiki wa muziki, nitakuambia wimbo wa nne ndio mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Wateja wakiuomba nawawekea, kisha natoka nje mpaka uishe.

Mama amekwisha kufua nguo yake ya Jumapili. Anasema hataniacha niende peke yangu, kwa kuwa tulinyamaza wawili. Barua hii itakapokufikia, nitakuwa nimekwisha kusema, liwe litakalokuwa. Kama una hasira, niandikie hasira hiyo. Usinyamaze tu.

Wasalimie wenzako wa chumbani na mchungaji wenu wa huko. Kula mboga. Utuombee, na umwombee muzee Fulgence mguu wake uunge.

Ni mimi mdogo wako,
Débora