Blauzi Moja Haikuchuja

Lemara, Arusha

Kaka Gwakisa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata kama umemkasirikia, na mimi mafundisho ya mama nayashika. Hamjambo wote huko Tukuyu? Wifi hajambo? Mjomba Ambilikile mguu wake umepona, au bado anatembelea mkongojo na kuwafokea watu njiani? Sisi huku Arusha ni wazima. Baridi imeingia, mlima Meru umejificha kwenye mawingu tangu juzi na majuzi, na kahawa za watu zimeanza kuiva kwenye ukungu. Mimi mwenyewe mwili hauna tatizo. Tatizo ni wewe.

Barua yako imefika. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikairudia nimeketi, na mara zote mbili nimeona aibu kwa niaba yako. Unaniagiza niwaandikie wazee wa kanisa barua ya kuomba radhi. Unaniagiza niache "hayo maji yangu" nichape nguo kwa rangi ya mafuta kama watu wenye akili zao. Tena unanikataza nisimwandikie mama kwanza, eti mpaka moyo wake utulie. Katika hayo yote sitatimiza hata moja, na nakueleza sababu polepole, maana naona ukielezwa haraka huwa unashika nusu.

Tuanze na hiyo rangi ya maji. Unaitaja kama kitu nilichookota njiani. Hukuniuliza hata siku moja nimeifikiaje. Nilipomaliza kujifunza ushonaji huku nikaajiriwa na yule mzee wa Machame anayechapa fulana za watalii, tulikuwa tunatumia rangi ya mafuta. Zamani hata hiyo ilikuwa haipatikani, ila tangu mambo yawe ruksa makopo yanapita Namanga kutoka Nairobi kila wiki. Tulikuwa tunaizimua kwa thina. Mwezi wa saba baridi ya mlima ikishuka, mzee anafunga madirisha yote, tunabaki humo ndani na ile harufu mpaka jioni. Natoka kichwa kinanigonga, chakula sikitaki. Na fulana zenyewe? Picha imelala juu ya kitambaa, ngumu, ukiivaa kifua hakipumui. Siku ya jua kali zikipangwa pamoja zinanatana, ukizibandua tembo wa fulana moja ameacha sikio kwenye fulana ya pili. Mtalii hajui, anapanda ndege nayo, na ikimpasukia kwao hawezi kurudi kutuuliza. Wewe ulitaka mama yetu nimvike kitu hicho.

Rangi ya maji inaingia ndani ya uzi. Ukipitisha kiganja juu ya picha hukuti kitu, ni kitambaa tu. Haina harufu ya kumtoa mtu machozi. Akina mama wa kwaya wananyonyesha wakiwa wamevaa blauzi hizohizo, pua ya mtoto ipo palepale penye alama. Hilo nililifikiria kabla sijafungua kopo. Wewe katibu wa kwaya, mwenye mihuri na kalamu mfukoni, ulifikiria nini?

Sisemi ni rangi rahisi. Huku miezi ya upepo hewa ni kavu, rangi inakaukia kwenye neti ya fremu ya kuchapia kabla haijafika kwenye nguo, na tundu zikiziba picha inatoka na mabaka. Ndiyo maana wachapaji wengi wanaikimbia. Mimi naamka alfajiri kabla upepo haujaanza, natundika kanga iliyolowa dirishani, na chupa ya kunyunyizia maji haitoki mkononi. Halafu ina masharti yake. Nguo mpya ioshwe kwanza itoke wanga wa kiwandani, la sivyo rangi inashika wanga, nguo haiishiki. Na ikishachapwa na kukauka ipigwe pasi ya moto kwa upande wa ndani, kabla haijaguswa na tone la maji. Pasi ndiyo inayoifunga. Bila pasi imekaa tu kama mgeni aliyeshika mkoba wake.

Hayo yote nilikuambia kwa mdomo, wewe umekaa kwenye kigoda changu unakunywa chai yangu. Ilikuwa mwezi wa tano, ulipokuja na furushi la blauzi za kwaya, bafta nyeupe, zimetoka kushonwa. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia, na ulikuwa umeshawaahidi watu kwamba mdogo wako anayechapia wazungu atawawekea alama ya taa na msalaba, buluu, kifuani. Nilifurahi, kaka. Nilifurahi kweli. Kazi yote niliitoa iwe sadaka yangu, kwa kuwa kwaya ile ndiyo iliyonilea, na mama anaimba humo sauti ya pili tangu sijazaliwa.

Kesho yake ulipozikuta kwenye kamba zimeoshwa, ulipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba wangu, Mama Eliakunda, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Tumpe, umefanya nini? Umezilegeza zote! Hizi si zimeshakuwa mitumba?"

"Zimetoka wanga tu, kaka. Bila hivyo rangi haishiki."

"Wewe umekaa huku hujui watu wa kwetu siku hizi wanavaa nini. Mitumba Jumatatu, mitumba mpaka madhabahuni! Wamejinyima ili wapate kitu kipya kinachoonekana kipya, chenye mikunjo ya dukani. Nikiwapelekea hivi vitambaa vilivyolala watasema nimewabadilishia."

Hapo nilikuonea huruma kidogo, maana kweli marobota yamejaa kila soko na mtu hajui tena nguo ipi ni yake na ipi ilikuwa ya marehemu wa Ulaya. Lakini huruma haishikishi rangi. Mama Eliakunda naye alijaribu kukupoza.

"Wewe baba, muache binti afanye kazi yake. Njoo ule, kuna loshoro ya moto."

Ukamjibu kwamba mahindi ya maziwa mgando ni chakula cha watu wa mlimani, wewe hukijui. Mwenyeji wangu, mtu mzima, Mmeru wa watu anayenikopesha hata chumvi. Niliinamisha uso kwa aibu.

Nilichapa kila alfajiri mpaka zikaisha. Zilipokauka nikaanza pasi, na nikaanza na blauzi ya mama, ile yenye kola pana. Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ukaniuliza kwa nini napiga pasi nguo mpya, mikunjo itakufa. Nikakueleza kwa mara nyingine, nikakuonyesha na upande wa ndani jinsi ninavyoupitia taratibu mpaka kitambaa kipate moto. Ukaguna. Nilipomaliza hiyo moja mkaa wa pasi ukawa umekwisha, nikakuambia nakwenda gulioni Ngaramtoni kuchukua mkaa, nikirudi namalizia zilizobaki.

"Nenda," ulisema. "Mimi nipo."

Niliporudi na gunia kichwani hukuwepo, wala furushi halikuwepo. Mama Eliakunda alikuwa anapepeta mchele barazani.

"Kaka yako ameondoka na nguo zote," akaniambia. "Nimemuuliza kama mmeagana, akasema ndiyo. Tangu ulipotoka alikuwa anazikunja, anaziweka chini ya godoro na kuzikalia ili zipate mistari. Mimi nikajua ndivyo mlivyopanga!"

Nilikimbilia stendi. Basi la Dar, ambako hupitia kwenda Tukuyu, lilikuwa limeshatoka. Nilikaa kwenye benchi la abiria nikalia mbele za watu, mchuuzi wa karanga akanipa pole akidhani nimefiwa. Barua isingefika kabla ya sikukuu. Nikajipa moyo kwamba habari ya pasi umeisikia kwa masikio yako na kuiona kwa macho yako, hutakosa kuwaambia akina mama kila mmoja aipige ya kwake nyumbani. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Hukulisema, kwa sababu ulitaka waandamane na mikunjo.

Yaliyotokea siku ya mavuno sikuyapata kwako. Wewe umeandika "alama zilichuja" ukaishia hapo. Aliyenieleza yote ni Mwalimu Subilaga, anayefundisha kwaya. Mvua ya Tukuyu, ambayo hata mtoto anayetambaa anajua haikosi, iliwakuta kwenye maandamano kati ya soko na kanisa. Mwanzoni waliimba kwa nguvu zaidi, kama kawaida yao. Kisha mmoja akaangalia kifua chake. Buluu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye sketi, akamtazama jirani yake, naye ni hivyohivyo, mstari mzima. Vijana wa sokoni wakawafuata wakicheka. Waliingia kanisani wamejifunika kanga vifuani, na wimbo walioufanyia mazoezi tangu Pasaka haukuimbwa.

Blauzi ya mama peke yake haikuchuja hata chembe. Alisimama katikati ya wenzake mweupe, taa yake na msalaba wake vimetulia, na wote wakamgeukia.

Hapo ndipo walipokuuliza wewe. "Katibu, mbona ya mama yako ni nzima?" Jibu ulikuwa nalo. Ungesema, "Hiyo ilipigwa pasi, hizi nyingine niliziondoa kabla hazijapigwa," ungezomewa siku mbili ikaisha. Badala yake ukawaambia kwamba mdogo wako alimwekea mama rangi nzuri, wao wengine akawapakia ya maji kwa kuwa ni rahisi. Ukanifanya mimi mwizi wa sadaka yangu mwenyewe. Mama ukamfanya mtu wa kupendelewa na mwanawe mbele ya wanawake aliozeeka nao.

Mwalimu anasema mama hajaimba tangu siku hiyo. Jumapili anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na baraka ikitolewa tu ameshatoka. Wenzake wanampisha njiani lakini hawamsemeshi. Anaamini kwamba niliwadhulumu wote kwa ajili yake, na haoni kama anaweza kusimama tena katikati yao akafungua kinywa. Kuimba ndiyo furaha aliyobaki nayo mama tangu baba afariki, unalijua hilo vizuri kuliko mimi, maana wewe ndiye unayeishi naye uani. Ukaitupa furaha hiyo kwa sababu ya mikunjo. Nakuchukia kwa hilo, kaka. Neno ni zito, na nimeliandika nikiwa na akili timamu, mchana kweupe.

Rangi ilikuwa moja. Kopo moja, fremu moja, mpira mmoja wa kuisukumia, mkono wangu huu mmoja. Kwa hiyo radhi siombi, wala rangi ya mafuta sirudii, na kama kuna mtu wa kwenda mbele ya wazee wa kanisa, njia ya kwenda huko unaijua.

Sasa salamu. Nisalimie wifi, mwambie fulana ya mtoto wake mdogo nimeshaichapa na imepigwa pasi pande zote. Msalimie mjomba Ambilikile, mpe pole ya mguu, mwambie akifokea watu akukumbuke na wewe. Msalimie shangazi aliyeko Kiwira ukimwona. Mama Eliakunda naye anakusalimu, anasema loshoro bado ipo. Salamu za mama sikupi wewe umpelekee. Nampa mwenyewe, maana amekaa hapo.

Macho ya mama hayasomi tena, na barua zangu zote kwake zimekuwa zikipita mdomoni mwako. Ningemwandikia yeye, ungemsomea unachotaka. Kwa hiyo hii nimeituma kwa Mwalimu Subilaga, nikamwomba amwite mama, awaite akina mama wa kwaya, akuite na wewe, kisha aisome kwa sauti bila kuruka neno. Ni yeye unayemsikia sasa hivi. Kama umeshanyanyuka kuelekea mlangoni, mama amekuona.

Mama, shikamoo. Blauzi yako niliipiga pasi kwanza kwa sababu wewe ni mama yangu. Hakuna kingine nilichokuwekea ambacho wenzako sikuwawekea. Na nyinyi mama zangu wote, shikamooni. Nguo zenu zikiletwa tena nitazichapa tena, na safari hii hazitoki mlangoni kwangu kabla ya pasi. Naomba mmrudishe mama yangu mahali pake.

Mwalimu, asante sana. Kwenye bahasha mna vipande viwili vya bafta, nimevichapa juzi kwa rangi ya kopo lilelile. Kimoja kipigeni pasi ya moto upande wa ndani, watu wote wakiangalia. Kingine kiacheni kama kilivyo. Kisha wekeni beseni la maji na sabuni hapo katikati.

Gwakisa, kunja mikono ya shati. Utafua wewe.

Mdogo wako,
Tumpe