Kadi Sita na Tangi la Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Nimesafisha wavu wa mfereji saa kumi na mbili asubuhi. Majani, matope, kandambili moja ya mtoto. Vidole ganzi. Baridi ya mwaka huu haina adabu.

Mtambo wa umeme unaenda vizuri. Kadi zangu sita za kompyuta nazo zinaenda vizuri, leo siku ya pili. Nimezipanga kwenye fremu ya mbao niliyoiranda mwenyewe, humu ndani ya nyumba ya mtambo, feni zikivuma. Napenda mvumo ule. Bado nashangaa kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta kimekuja kukaa huku kwenye chai, upande wa Lupembe, kinachimba sarafu za mtandaoni kwa nguvu ya mto wetu.

Miaka minane nautunza mtambo huu wa kijiji. Miaka minane naona umeme ukimwagwa. Mchana watu wako shambani, taa zimezimwa, lakini mto hausimami. Umeme usiotumika lazima upelekwe mahali, la sivyo mtambo unakimbia hadi ujivunje. Kwetu unapelekwa kwenye hita iliyo ndani ya tangi hapo nje. Wati elfu moja na mia tano, kila mchana, kuchemsha maji tu! Iliniuma kila siku.

Sasa wati hizo zinaliwa na kadi zangu. Kamati ya umeme ilikubali nitumie "umeme unaobaki", maana posho yangu wanaijua wenyewe ilivyo. Kadi tulizipata kwa kumuuza ng'ombe wa Eliza. Mke wangu alikubali bila maneno mengi. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeaibika. Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Kila Jumamosi alasiri wanawake wanakuja na ndoo kuchota maji ya moto ya tangi, nyumba nzima ioge kabla ya Jumapili. Nimewaona kwa mbali miaka yote. Nilidhani wanaokoteza tu kilichozidi. Sikuwahi kufikiri kwamba kijiji kizima kinategemea tangi lile.

Leo foleni ilifika hadi kwenye daraja. Mama Tuli, mwenyekiti wa kamati, akafungua koki, akaweka mkono, akanigeukia.

"Fundi, maji ya mtoni tunayajua. Tulifuata yale mengine."

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Wamerudi na ndoo tupu. Katika foleni alikuwemo mama yangu mzazi, na kindoo chake cha bluu. Nilikuwa nadhani anachotewa. Kumbe kila Jumamosi anapanda kilima kile mwenyewe, na magoti yale. Aligeuka akashuka.

Jumapili, 9 Juni

Kikao nje ya kanisa. Hukumu imetoka. Tarehe 30 ni kipaimara, watoto kumi na wanne. Jumamosi ya tarehe 29 tangi liwe la moto kama zamani, la sivyo kadi zitoke kwenye nyumba ya mtambo siku hiyohiyo. Mama Tuli alisema kadi zangu haziwezi kuota moto wakati watoto wanatetemeka.

Nikajibu kwamba kuni zipo. Sijui nani alinituma. Nimezomewa na watu ninaowawashia taa.

Eliza alitembea mbele yangu hadi getini. Ndipo akasema, "Yule ng'ombe alikuwa anatoa maziwa, Baba Ima." Akaingia ndani.

Kadi zikitoka hapa hazina pa kwenda. Umeme wa kununua utameza faida yote. Nitakuwa nimemuuza ng'ombe wa mke wangu nikapata fremu ya mbao.

Jumanne, 11 Juni

Makambako. Upepo, vumbi, malori ya mbao na mahindi yamepanga mstari kama yanasubiri sakramenti. Nimekwenda kwa Sara, dada aliyeniuzia kadi. Ana duka la kompyuta nyuma ya gesti, karibu na reli. Alichimba sarafu mwenyewe hadi alipochoka.

Nikamweleza. Akaniuliza nimezirekebisha vipi. Nikasema sijagusa kitu, zinaenda kama zilivyotoka kwenye boksi. Alicheka hadi akaketi.

"Kaka, umefunga ng'ombe sita kulima tuta la mchicha!"

Kisha akanifundisha kwa subira. Kadi ina moyo wake na ina kumbukumbu zake. Sarafu ninayochimba inataka kumbukumbu ziende kasi. Moyo hauna kazi kubwa. Mimi nimeuacha moyo ukimbie bure, unakunywa umeme na kutoa joto. Niupunguze moyo. Nipunguze umeme unaoingia. Kumbukumbu niziongeze kidogo kidogo. Kadi moja moja, si zote kwa pamoja. Niandike kila namba.

Kuandika namba ndiyo kazi yangu. Nimerudi nikiwa na maelezo yake nyuma ya kipande cha boksi, nimekikumbatia ndani ya basi kama yai.

Alhamisi, 13 Juni

Mungu wangu.

Kadi ya kwanza ilikuwa inakula wati 180. Nikashusha hadi 150. Kasi ileile. Nikadhani kipimo kimekufa. Nikashusha 130. Kasi ileile! Nimepiga kelele peke yangu humu ndani, mbuzi wa jirani wakatawanyika.

115. Kasi imepungua kidogo sana, kiasi cha kusamehewa.

Mimi ndiye niliyelalamika miaka minane kuhusu umeme unaopotea. Nimekuwa nikiupoteza mwenyewe, ndani, kwa feni.

Ijumaa, 14 Juni

Tamaa. Nimeishusha kadi ya pili hadi 80, ikaganda na kompyuta nzima ikagoma. Nimeanza upya mara tatu. Nimejifunza kwamba kadi hazifanani hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Ya tano inaridhika na 90, haina neno. Ya tatu haitaki kusikia chini ya 110. Nimeipa jina Mjomba. Msiba au harusi, yeye sahani yake ni ileile.

Jumamosi, 15 Juni

Maji ya uvuguvugu. Mama Tuli ameyapima kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Amesema yamekua kidogo. Wengine wamechota, wengine wameondoka. Mama hakuja.

Nikachemsha maji nyumbani kwa kuni, nikampelekea ndoo nzima. Alishukuru sana. Kisha akasema yananuka moshi. Nikasema mama, maji ni maji. Akanijibu: "Kule kwenye tangi naonana na watu, mwanangu. Hapa nitaonana na nani? Na ndoo?"

Nimekaa naye hadi maji yakapoa.

Jumatano, 19 Juni

Siku nne kwenye kumbukumbu tu. Ukiziongeza sana, kadi inafanya kazi haraka lakini inakosea, na kazi yenye makosa inakataliwa huko inakopelekwa. Kama mwanafunzi anayetaka kumaliza wa kwanza. Nimeongeza, nimerudisha, nimeongeza nusu. Hata Mjomba amekubali 105, baada ya kubembelezwa.

Leo saa tisa alasiri, zote sita kwa pamoja, na kompyuta yake: wati 640. Zilianza zikila karibu 1,200. Na kasi imeipita ile ya siku ya kwanza. Imeipita! Nimehesabu upya kwa kalamu. Ni kweli.

Nikacheza. Peke yangu, na buti za mpira. Nikageuka nikamwona Eliza mlangoni na chakula changu, sijui alisimama tangu saa ngapi. Alicheka hadi akaliweka bakuli chini. Kicheko chake cha kwanza tangu kile kikao. Kande zilikuwa tamu mno.

Ijumaa, 21 Juni

Furaha imepoa. Hita sasa inapata wati 860, lakini zamani ilikuwa inapata zote 1,500. Asubuhi kipimajoto cha tangi kimesoma nyuzi 44. Zamani kilikuwa kinasoma 58, hata 60. Kadi nimezibana hadi mwisho. Nikizibana zaidi zinaganda.

Naweza kuzima tatu. Nusu ya ng'ombe basi. Sitaki. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 22 Juni

Ndoo za kwanza zilikuwa nzuri. Za mwisho baridi. Imebaki wiki moja tu, watu wanangoja.

Mama Tuli alibaki wenzake walipoondoka. Nilijua anakuja kuniambia nianze kufungasha. Badala yake akauliza kadi zinafanyaje kazi, nikamwonyesha kila kitu, na namba zangu zote, kurasa kumi na moja. Alisikiliza. Akasema kweli nimehangaika. Kisha akatoka nje, akaweka kiganja ubavuni mwa tangi. Bati tupu. Akaondoa mkono haraka.

"Fundi, hili tangi linavaa nini?"

Halivai kitu. Miaka yote joto lilikuwa la bure, nani angelivisha? Limesimama uchi kwenye ukungu wa Juni, linapasha moto kilima.

Yeye maharage yake huyachemsha kidogo tu, kisha hukifukia chungu kwenye tenga lililojaa maranda, yanajiivia yenyewe hadi mchana. Amenieleza hivyo huku akinitazama kama mtu aliyesoma sana hadi ikamdhuru. Nimetafuta wati moja moja ndani ya kadi kwa wiki nzima, na upande wa pili wa ukuta joto linatoka kwa kundi.

Niliona haya, lakini nilitaka kumkumbatia.

Jumatatu, 24 Juni

Maranda ya bure kutoka kwa wapasua mbao, magunia kumi na nane. Wamama wameyabeba kichwani, wakiimba kwa Kibena, na kila ubeti una jina langu ndani yake. Sitaandika walichoimba. Nimejenga boksi la mabanzi kulizunguka tangi, wao wakashindilia. Juu tumefunika kwa mabati ya zamani na mablanketi mawili yaliyochoka. Leo mimi nilikuwa kibarua na Mama Tuli ndiye fundi. Kila nilipopigilia msumari alikuwa na maoni.

Sara amepiga simu kuuliza habari za kadi. Nikamwambia tunavisha tangi sweta. Akadhani mtandao unakatika.

Alhamisi, 27 Juni

54. Kadi zote sita zinavuma. Nimepima mara tatu.

Ijumaa, 28 Juni

Nilijua tu.

Saa mbili asubuhi gogo limeshuka na mto, limepiga wavu, mfereji umeziba. Mtambo kimya. Taa kimya, kadi kimya, hita kimya. Siku moja kabla. Nimeingia majini hadi kifuani, maji yale yanakata kama wembe. Wanaume sita wamekuja na kamba. Tumelitoa saa tisa na nusu. Muda wa saa saba na zaidi bila hata wati moja kwenye tangi.

Sikuthubutu kutazama kipimajoto. Nilikunywa kwanza chai. Eliza ndiye aliyekwenda kutazama, akarudi amefunga uso, nikajua yameisha.

"Jana ulisema ngapi?" akauliza.

Hamsini na nne.

"Basi imebaki hamsini na tatu," akasema, na uso ukamshinda, akacheka.

Tumeshikana mikono pale jikoni kama wachumba. Kesho bado ipo, lakini leo mtambo umewaka tena na kadi zimeamka zote, hata Mjomba.

Jumamosi, 29 Juni

57.

Foleni hadi ng'ambo ya daraja. Nilisimama mbali, kama mshtakiwa. Mama Tuli amefungua koki, amechovya vidole, akavitoa kwa kelele na kuvipuliza. Hapo vigelegele vilipasuka, sijawahi kusikia vigelegele vya ndoo za maji. Ndoo ya kwanza ilitoa mvuke na ya mwisho ilitoa mvuke. Watoto wa kipaimara walichotewa mbele, wote kumi na wanne, wakikimbia na kumwagikiwa.

Mama alikuwepo. Walipomwona wengine walimpa nafasi ya mbele, akakataa. Alikaa kwenye kigoda na kindoo chake, akisalimia "kamwene" huku, "kamwene" kule, habari za kila nyumba, zaidi ya saa mbili. Alipoondoka alikuwa amechoka kwa kucheka.

Mama Tuli ametangaza mbele ya wote kwamba kadi zibaki. Ila kila Jumamosi niandike joto la tangi kwa chaki mlangoni, watu walione kabla ya kubeba ndoo. Nimekubali haraka mno, wakacheka tena, safari hii vizuri.

Eliza alikuwa wa mwisho kuchota. Ameweka ndoo chini, akaingia ndani kwenye kadi, akasimama pale kwenye joto akisikiliza feni. Mkono wake juu ya fremu.

"Ng'ombe wangu ananguruma vizuri," amesema.

Nimetoka nje nikafuta macho.

Jumapili, 30 Juni

Kipaimara. Nguo nyeupe, nyuso zinang'aa. Ukungu ulikaa hadi saa nne.

Nimekaa kanisani kati ya Eliza na Mama. Mama amenukia sabuni. Mahubiri yalikuwa marefu, akasinzia begani kwangu, nami sikusogea hadi tulipoambiwa tusimame.

Wali, kuku, njegere. Nimeshiba.

Jioni nimepita kwenye mtambo. Wati 640. Wavu safi. Hakuna cha kurekebisha. Nikatoa kigoda nje, nikaegemea lile boksi la mabanzi, nikakaa kidogo.