Nashikilia Dohani Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Mpendwa Bi Zaituni mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada, na unisamehe mwandiko, maana naandikia juu ya gunia la mahindi darini.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Suji, na mwaka huu wa 1953 nilinunua jiko la chuma la kuni kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama, wanaume sita tukalipandisha mlimani kwa siku mbili, kijiji kizima kikaja kulitazama, nami nikavimba kichwa nikakataa kumwita fundi, nikasema bomba ni bomba, nikaunganisha dohani ya kutolea moshi mwenyewe, lakini ilipofika darini ikakutana na boriti aliyoiweka marehemu baba, nami siwezi kukata boriti ya baba, basi nikaikwepesha kwa kona mbili, ikaenda mlalo kidogo ndipo ikapanda kutokea kwenye bati, na pale kwenye mlalo haikushikwa na kitu, kwa hiyo jiko likipata moto bomba linalegea, kona zinaachia, cheche zinaelekea kwenye mahindi yetu ya mwaka mzima, na dawa niliyoipata ni moja tu: mke wangu Eliwaza akipika, mimi napanda darini nalishikilia kwa magunia yaliyolowa maji.

Tulizoea. Lakini Eliwaza amejifungua, na mama yake akaja kutoka Chome kumhudumia, akafika bila taarifa, akaingia moja kwa moja jikoni akachochea moto mimi nikiwa juu, na wewe unajua kwetu Upareni mtu anavyomstahi mama mkwe, hata njiani humpisha, sembuse kumkalia juu ya kichwa, basi nikanyamaza, Eliwaza akasema baba mtoto ameteremka Same kwenye baraza, na leo ni siku ya tisa niko kwenye baraza hilo, jioni narudi nimejaa masizi nasema tule kiporo ili moto usiwashwe tena, mama ananitazama, anasema tu, "Pole na safari, baba," na jana nilipiga chafya. Nikiachia bomba nyumba itaungua na mwanangu yumo, nikionekana aibu itaniua. Nifanye nini?

Ni mimi, Eliufoo.

*

Eliufoo, marahaba. Teremka.

Nimecheka, kisha nimekasirika. Mtoto mchanga amelala chini ya dohani inayoshikiliwa na mikono ya baba yake, na baba mwenyewe anapiga chafya! Kuiheshimu boriti ya mzee ulifanya vema. Kilichokupandisha huko ni kiburi cha kukataa fundi, na sasa unakilipa kwa mgongo.

Barua yako nimempelekea Sefu, fundi wa mabati hapa Same. Alipomaliza kujifuta machozi ya kicheko alisema hivi. Moto uzimwe leo hii, mpike nje kwa mafiga kama mlivyolelewa. Mahindi yahamishwe mbali. Bomba likipoa, ubao mgumu upigiliwe kati ya pau mbili, juu ya kile kipande cha mlalo, na kwenye ubao huo ining'inizwe mikanda ya chuma, mmoja karibu na kila kona, izungushwe bombani na kukazwa kwa bolti, ili mzigo ubebwe na paa, siyo na kona. Kila kiungo kitiwe skrubu tatu. Huo mlalo uinuliwe upande mmoja, moshi upate njia ya kupanda. Bomba likae mbali na mbao zote, nayo boriti ya baba ikiwemo. Na kamba ya mkonge usiiguse, najua umeshaiwaza! Tena usipigilie hata msumari mmoja peke yako: Sefu anapanda Jumanne, naye ndiye atakayekuletea jibu hili kabla halijatoka gazetini.

Sasa habari ya aibu. Juma hilohilo nimepata barua ya mama mmoja wa Chome aliyekwenda Suji kumhudumia binti yake. Anasema tangu siku ya kwanza anajua mkwewe yuko darini, na kwa heshima ya ukwe hawezi kumwita ashuke. Kwa kumwonea huruma asiungue mikono, hapiki ila uji na ugali wa harakaharaka, ingawa alibeba mahindi na maharage kutoka kwake na ana hamu ya makande mpaka anayaota.

Makande hukaa motoni muda wa saa nne, Eliufoo. Kaza hiyo dohani, mama wa watu ale.