Namba za Mwangwi

Tarehe 4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua unavyosimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, ukiambiwa upumzike unasuka na wa jirani. Mimi sijambo, kile kikohozi kimekwisha.

Mama, kuna jambo. Mpiga gitaa la kwanza wa bendi yetu anastaafu. Kiongozi amesema atachagua mmoja kati yetu wawili, na mwishoni mwa mwezi wa nne tutapiga mbele ya bendi nzima ili atupime. Anachotaka ni zile nyimbo za taratibu. Anataka gitaa lilie kama liko kwenye chumba kikubwa kitupu, ukiacha kulipiga sauti ibaki inatembea. Huo ni mwangwi, na siku hizi unatengenezwa kwa mashine.

Mashine zipo za aina mbili. Moja ni kubwa, inafungwa kwa skrubu kwenye raki, lile kabati la chuma la ukumbini. Ina kidirisha cha namba. Unaiwekea namba, inatii. Ya pili ni pedali, ndogo kama kopo lako la mafuta ya nywele. Unailaza sakafuni unaikanyaga, ina vifundo vitatu vya kuzungusha, visivyo na namba, unategemea sikio tu. Ya raki sauti yake ni safi, ila ni mali ya bendi, kila mtu anaigusa. Pedali ingekuwa yangu peke yangu, lakini inakoroma kidogo. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?

Mwanao

Tarehe 13 Februari

Mwanangu, ini langu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Goti lipo, linanung'unika mvua ikikaribia, mimi silisikilizi. Mtoto wa dada yako ameota meno mawili na ameanza kuuma watu. Wengine wote wazima.

Barua yako nimeisomea saluni nzima. Usinune! Kichwa cha mtu kikiwa mkononi mwangu, mwenyewe ana pa kwenda? Alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, upande umesukwa, upande umesimama wima. Akasema, "Kumbe mwanao anaandika vizuri hivi?" Nikamwambia, "Umeona kuandika tu, subiri umsikie akipiga." Na yule jirani muuza vitambaa, mwenye mtoto daktari, alikaa kimya. Na akae kimya. Madaktari wamejaa tele, wapiga gitaa la kwanza wako wangapi?

Haya, swali lako. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mashine nazijua. Hapa nina drai mbili. Ile kubwa, mteja anakaa chini yake kama malkia, nywele zinakauka sawasawa pande zote. Ile ya mkononi inalia kama nyuki, ukizubaa inamuunguza mtu sikio. Akija mtu wa heshima namweka wapi? Basi na wewe chukua ile kubwa. Mwanangu asimame jukwaani amevaa suti, halafu awe anakanyaga kijidude kama anaua mende? Sitaki kusikia.

Huyo mwenzako wa pili simjui, lakini namwonea huruma mapema.

Mama yako, anayetembea kifua mbele

Tarehe 20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mna afya. Mpe pole dada kwa kuumwa na mwanawe.

Nimekusikiliza, nimechukua ya raki. Wiki nne nimekuwa nikiingia ukumbini asubuhi, wafagiaji wakiwa bado kazini, najaribu namba moja baada ya nyingine. Jumanne iliyopita nikaipata. Mama, mzee mmoja aliuacha ufagio wake akauliza nani anaimba humu. Hakuna aliyekuwa anaimba. Ni gitaa lile!

Shida ni kwamba kila anayeitumia mashine anafuta namba za mwenzake. Na chumbani tunalala wanne, daftari langu linafunuliwa na kila mwenye mikono, kwa hiyo humo sikuandika kitu. Ninazo kichwani, na sasa nakuwekea wewe. Nikiugua, au woga ukinisahaulisha, najua ziko wapi.

Urefu wa mwangwi: 2.8
Kuchelewa kabla mwangwi haujaanza: 43
Ukali wa juu: 5
Mchanganyiko: 17

Safari hii nakuomba, Mama, usiisome saluni. Usimwonyeshe mtu. Hakuna mwingine ninayeweza kumpa.

Mwanao

Tarehe 1 Aprili

Mwanangu, roho yangu,

Marahaba. Sote hatujambo, hata goti leo limeamka na adabu.

Namba zako ziko salama kuliko mimi mwenyewe. Nyumbani kuna mjukuu anayetafuna karatasi, kwa hiyo nimeziweka saluni, kwenye droo ya vibanio. Nimeifunga, na ufunguo unaning'inia shingoni mwangu hata nikioga. Wateja wananiuliza, "Mama, mwezi huu hakuna barua?" Nawajibu, "Ipo, lakini hii ni siri ya kazi." Nikuambie ukweli? Kuwa na barua ya siri kunanenepesha kuliko kuisoma. Muuza vitambaa ananizunguka kama nzi.

Piga, mwanangu. Wapige mpaka wakukome.

Mama yako, mlinzi wa namba

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nafasi nimeikosa. Tulipigishwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenzangu alitangulia. Alipoingia kwenye ule wimbo wa taratibu, nikaisikia sauti yangu inatoka kwenye gitaa lake. Mpiga ngoma akafumba macho. Zamu yangu ikaja, nikapiga na namba zangu. Kiongozi akanikatiza katikati. "Kijana, natafuta mpiga gitaa la kwanza. Sitafuti wa kumwiga wa kwanza." Wakacheka.

Kabla sijaweka namba zangu, zake zilikuwa bado kwenye kidirisha. Nikazisoma. 2.8. Halafu 5. Halafu 17. Zangu tupu, isipokuwa moja. Mimi natumia 34, yeye alikuwa na 43. Nikajiambia labda tumekutana kwa bahati. Kisha nikakumbuka. Nilipokuandikia niliigeuza ile namba kwa haraka. Niligundua barua ikiwa imeshaondoka, nikaona nitakusahihishia siku nyingine. Mama, 43 mimi sijawahi kuiweka kwenye mashine wala kumtajia mtu. Ilikuwa kwenye karatasi moja tu.

Aliyepewa nafasi ni Kidole. Ndiyo, Kidole yuleyule wa nyumba ya pili, uliyekuwa unamlisha kwetu kila mama yake akisafiri. Sikukutajia kwamba ndiye ninayeshindana naye, kwa sababu sikutaka uwe katikati yetu. Mwezi wa nne aliaga kwamba anakwenda huko kumwona dada yake.

Ulimwonyesha?

Mwanao

Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hali yako siulizi, naijua.

Nilimwonyesha.

Nimetanguliza hilo kwa sababu najijua, nikianza na maelezo nitaishia kujisifu.

Alikuja Ijumaa moja amemleta dada yake asukwe. Akaniamkia mpaka chini, akanibebea ndoo mbili za maji, kisha akakaa kwenye benchi ananishikia rasta, ananipa moja moja. Nikamwuliza habari zako. Akasema, "Mama, mwanao ni moto. Kule hatuna mwingine kama yeye." Hapo ndipo aliponishika. Angekusema vibaya, ile droo isingefunguka mpaka leo.

Nikamwambia, "Ana mashine yake kubwa, na aliyemshauri ni mimi." Akacheka. "Mama na mashine wapi na wapi?" Mwanangu, kuulizwa hivyo mbele ya wateja sita, na muuza vitambaa akiwa mmojawapo! Nikavua ufunguo. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta, nikaogopa kuichafua barua yako, nikamwambia, "Ichukue wewe, wasomee hawa wasikie."

Akasoma. Alipofika pale uliponikataza, akainua macho. Akanitazama. Akasema, "Mama, hapa ameandika usimwonyeshe mtu." Nami nikamjibu, "Kwani wewe mtu? Wewe nimekuogesha beseni moja na yeye." Saluni nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka. Halafu akazisoma namba, taratibu, mara mbili. Mimi moyoni nikasema, tazama kijana anavyosoma kwa heshima.

Angeweza kuikunja ile karatasi akanirudishia bila kuzisoma. Yeye alijua anachokishika, mimi sikujua. Nimelia kwa hilo, halafu nikaona nalia kwa ajili yangu. Ile sufuria aliyokuwa anakombea kwangu, magamba ya kichwa niliyompaka dawa mpaka yakapona, vyote vimenirudi kama nimemfanyia mtu mwingine. Juzi dada yake amekuja tena. Nimemwambia kiti kina mtu. Kiti kilikuwa kitupu, na yeye anakiona.

Nilitaka pia kukulaumu. Ungenitajia jina lake, hata nywele za huyo dada nisingezigusa. Nimeliandika hilo kwenye karatasi nyingine nikaichana. Hukusema nisimwonyeshe fulani. Ulisema mtu. Na Kidole hakukuahidi chochote. Niliyekuahidi ni mimi.

Nimwandikie kiongozi wako? Nitamweleza kila kitu, hata kwa mwandiko wangu huu. Nitapanda gari nije nisimame mbele yake na aproni yangu. Niambie tu.

Na sasa unatumia mashine gani? Kama ni ile ndogo ya kukanyaga, ikanyage, mwanangu, yale ya mende yalikuwa maneno ya mdomo tu. Naomba nijue. Unapiga na nini, na wapi, na nani anakusikiliza.

Mama yako

Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Posta nimekwenda mara nne, yule karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Muuza vitambaa ameniuliza kama ulichaguliwa. Nimemwambia hukuchaguliwa, na kwamba sababu ni mimi. Alitaka kucheka, ikashindikana. Akanishika mkono.

Niandikie hata matusi.

Mama yako

Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wote nyumbani hawajambo. Mimi pia sijambo. Huku mvua zimekwisha na kumeanza kupoa. Kazi inaendelea vizuri. Chakula tunapata na afya ni nzuri.

Kwa kiongozi usiandike, wala usije.

Umeuliza sasa natumia mashine gani. Nimeshachagua.

Nisalimie dada na mtoto wake, majirani, na wateja wako wote. Barua hii unaweza kumpa yeyote akusomee.

Mwanao