Tuta Lililopinda Mitaboni

Machakos mjini, Alhamisi, Julai 2007. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuingia kwenye mifupa, na yale manyunyu ambayo hayakulowanishi wala hayaishi.

Nimechoka. Ningeweza kuanza kwa maneno mengine mazuri zaidi, lakini hayo ndiyo ya kweli. Magoti yananiuma, vidole vinanuka turpentaini, na mwenye saiba hii ya intaneti amenipa kompyuta iliyo karibu na mlango, kwa hiyo upepo wote wa Julai unapita mgongoni mwangu. Nitaandika haraka.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mchoraji wa mandhari. Milima, miti, mito, machweo. Kazi zangu nyingi huenda kwenye duka moja la vinyago kando ya barabara ya Mombasa, ambako wageni husimama kunyoosha miguu na kuondoka na picha kwapani. Wanataka jua jekundu, mgunga mmoja na tembo watatu. Nimewachora tembo hao mpaka mkono unajua njia wenyewe. Unaweza kunisimulia habari za harambee ya kanisa na mimi nikakuitikia vizuri tu, huku tembo wa pili akimaliziwa mkonga.

Sijawahi kumwona tembo akinywa maji.

Basi mwezi uliopita alinijia Musyoka, bwana mmoja anayefanya kazi kiwandani Athi River na kuishi Syokimau. Mama yake amekaa peke yake huko Mitaboni tangu mumewe afariki, na sasa kiuno kimekataa kuinama. Amekubali kuhamia kwa mwanawe Jumamosi hii, kwa sharti moja tu: aende na kilima chake. Ndiyo maana nikatafutwa.

Kilima chenyewe ni shamba lake. Lina matuta tisa, kutoka barabarani hadi kwenye mawe kule juu. Ni yale matuta ya fanya juu, ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu ili mvua isiondoke na shamba. Hapa Ukambani kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Ilifanywa na mwethya, majirani wanaozunguka shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu, majembe na nyimbo.

Nilikaa siku mbili kwenye mteremko wa ng'ambo nikichora kwa penseli. Naungama kwamba nilifurahi. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamebaki makavu, lakini mbaazi zilikuwa zimetoa maua ya manjano tuta baada ya tuta. Nilirudi mjini na daftari langu, nikapiga rangi kwa wiki mbili, na sikumchora tembo hata mmoja.

Jumapili Musyoka akaja kuiona. Akapiga makofi.

"Fundi, hii ni safi kabisa! Mtu atadhani ni kalenda."

Nilicheka, ila neno hilo halikunipendeza.

Jumanne nikaifunga kwa shuka nikampelekea mama mwenyewe aione kabla ya kuhama. Haoni vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo aliniambia niiweke kwenye kiti uani, yeye akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni. Akatazama. Kuku walipita wakarudi.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni kwako, mwaitu," nikamwambia. Ndivyo tunavyowaita mama zetu, hata wasiotuzaa.

"Hapana. Hii ni shamba ya mtu mwingine. Yangu, tuta ile ya tano imepinda. Hapa umenyoosha. Nani alikutuma unyooshe?"

Nikajaribu kumweleza kwamba picha huwa na mpangilio wake. Akasema ni sawa, basi nimpelekee mwenye hilo shamba lililopangika. Akaingia jikoni.

Nilirudi nimekasirika. Nikampigia Musyoka simu, nikitaraji anitetee, na kweli alinitetea.

"Wachana na mambo ya wazee, fundi. Mimi nimeikubali. Jumamosi nakuja na pikapu, tunaweka hiyo picha, tunaweka mama, tunaenda. Akifika Syokimau atazoea."

Kwa hiyo nilikuwa huru. Aliyeiagiza ameikubali, mimi nimechoka, na kuna machweo sita ya lile duka la vinyago yananingoja. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilitandika gazeti mezani nianze jua la kwanza.

Halafu nikalifungua daftari. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda ushahidi wa kumshinda bibi wa watu. Tuta la tano lipo pale kwa penseli yangu mwenyewe. Limepinda. Linatoka kushoto vizuri, likifika katikati linashuka, kisha linapanda tena kwenda sambamba na mengine.

Jicho lilikuwa limeliona. Mkono ndio ulilisahihisha nyumbani, bila kuniuliza.

Hilo ndilo lililoniuma. Kama nisingelikuwa nimeliona, ningesema ni uzee, nikaenda kupimwa macho, mambo yakaisha. Lakini nililiona, nikalichora, kisha nikalifuta bila hata kujua kwamba nimelifuta. Ni mara ngapi nimefanya hivyo? Wale tembo wamenikalia mkononi miaka yote hii, na kama siwezi tena kuchora kilichopo mbele yangu, basi mimi si mchoraji. Ni muhuri tu.

Leo asubuhi nikarudi Mitaboni na picha, rangi na kisu cha kukwangulia.

Nilikaa ng'ambo ileile kwenye unyevu, gunia mabegani, nikisubiri mawingu yapande. Yalipopanda nikalikwangua tuta la tano lote. Kukwangua rangi uliyoihangaikia wiki mbili ni kazi ya kuchosha kuliko kuipaka. Mama Musyoka aliniona kutoka kwake, akaja polepole na fimbo na chupa ya chai, akasimama nyuma yangu. Nikamuuliza lile tuta lilipindaje.

"Hapo nilikuwa na mimba ya huyo Musyoka," akasema. "Miezi minane. Mwethya wako kwangu, wananichimbia shamba, sasa mimi nitalala ndani namna gani? Nikashika jembe. Kamba ya kupima imevutwa hapo mbele, lakini siioni. Jua, na tumbo, na mgongo. Nikachimba tu vile mwili ilitaka."

"Na hawakurekebisha?"

"Wengine walitaka. Kiongozi wetu akasema wacha ikae hivyo. Huyu amechoka na hakuacha."

Akaniambia kila mvua kubwa ikija, tuta hubomoka pale palipopinda, na kila mwaka yeye hulitengeneza palepale. Mumewe alitaka kulinyoosha, akakataa. Alisema hayo kama mtu anayesimulia bei ya maharagwe, kisha akanimiminia chai.

Niliinama nikachanganya rangi. Sikutaka aone macho yangu.

Mara mbili mkono ulitaka kwenda sawa. Mara mbili nikausimamisha, nikatazama kilima, nikaanza upya. Mara ya tatu nikaushusha pale katikati, pole pole, nikaupandisha. Nikaweka mbaazi zake, na kipande cha udongo mwekundu pale panapobomoka.

Tulirudi uani. Picha kitini, yeye mlango wa jikoni, kama juzi. Nilikuwa na woga kuliko siku yoyote niliyopeleka kazi dukani.

"Ehe," akasema. "Sasa hata mimi niko."

Halafu: "Usiguse tena."

Hakunishukuru. Alinipa sahani ya muthokoi na kuniambia nimekonda, na kwamba mtu anayekaa kwenye mvua na gunia hana mke wa kumkanya. Nilikula yote.

Sasa niko hapa na bado nimechoka, tena kuliko jana. Kesho nitarudi kwa tembo, maana ndio wanaonilisha, na sina hakika mkono wangu umejifunza chochote cha kudumu. Labda nitaacha dirisha wazi nikichora, nitazame hata mabati ya jirani.

Rangi ya tuta la tano haijakauka. Jumamosi nitakuwepo kuipakia mwenyewe kwenye pikapu, na najua Musyoka ataniuliza kwa nini nimeiharibu picha iliyokuwa safi. Njiani nilikuwa nimemwandalia maelezo marefu ya kisanii. Nimeyaacha. Nitamwonyesha tu pale palipopinda, kisha nimwambie amuulize mama yake: siku lilipochimbwa tuta hilo, yeye Musyoka alikuwa wapi?