Mkwe Wangu Amelinyima Gari Langu Cheti cha Moshi

Mpendwa Bi Knarik,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana mke wangu Azniv ameshanicheka vya kutosha na bado hajamaliza. Majina uyabadilishe ukipenda.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Fowler, na nina Datsun ya mwaka sabini na nane, viti viwili, boneti ndefu, niliyoinunua kabla sijaoa, na ndilo gari lililomleta binti yangu Talin nyumbani kutoka hospitali akiwa amepakatwa na mama yake, na tangu akiwa mdogo tulikubaliana kwamba hilohilo ndilo litakalompeleka kanisani siku ya harusi, mimi nikiwa kwenye usukani, na harusi yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya ibada ya kanisa letu ya kubariki zabibu, mwezi wa nane, yaani imeshafika mlangoni.

Sasa mwaka huu ni zamu ya ukaguzi wa moshi, na bila cheti chake gari haliruhusiwi barabarani. Lingekuwa la mwaka sabini na tano au kabla yake, sheria ingelisamehe, lakini ndiyo hivyo, na sisi wenye magari haya tuna desturi yetu ambayo haisemwi mbele ya mkaguzi: ile valvu inayorudisha moshi kwenye injini tunaing'oa kwa sababu inainyima injini pumzi, tundu tunaliziba kwa kibati, na valvu tunaitunza mpaka ukaguzi ukaribie, tunairudisha, gari linapita, kisha tunaing'oa tena, nami nimefanya hivyo tangu Talin yuko shule ya msingi, valvu yangu ikilala kwenye kopo la biskuti juu ya rafu ya gereji. Mwezi wa sita nikasafisha gereji ili wageni wa harusi wasione aibu yetu, nikamwita mtu wa vyuma chakavu, nikampa mabomba mabovu ya kumwagilia, nikampa majembe ya trekta yaliyovunjika, na kwa mikono yangu mwenyewe nikampa na lile kopo.

Nilipogundua sikuhofu sana, kwa sababu mchumba wa Talin, anaitwa Raffi, ndiye mkaguzi wa moshi, ana leseni ya jimbo na anafanya kazi kwenye kituo pale Fresno, nikasema kumbe Mungu alinipangia mkwe kwa sababu. Nikalipeleka. Kijana akalipandisha kwenye mashine, magurudumu yakazunguka, na gesi zote zikapita, Bi Knarik, zote, maana injini hiyo naitunza kuliko meno yangu. Kisha akafungua boneti, akainama na tochi yake.

"Baba, gesi ni safi," akaniambia. "Ila valvu haipo."

"Andika ipo. Nani atakuja kuchungulia?"

"Mimi nimeshachungulia, baba."

Nikamwambia kama hawezi kumfichia baba mkwe wake kitu kidogo kama kikombe cha kahawa, basi binti yangu atamlinda na nini. Yeye akaniuliza tu ile valvu ya awali niliiweka wapi, nikamjibu hayamhusu, akanipa karatasi ya kufeli, nami nikaondoka bila kuaga.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Talin kwamba gari lisipokwenda kanisani na mimi siendi. Akaniangalia, akasema, "Baba, mimi sikuomba gari. Niliomba wewe uniendeshe." Akaingia chumbani kwake na tangu hapo tunasalimiana kama majirani.

Na huyo kijana wala hajatulia. Jumamosi iliyofuata walipaswa kwenda kuonja keki, hakutokea, Talin anasema alikwenda Bakersfield bila kumweleza ni kwa nini, na jioni akarudi kula kwa wazazi wake mikono imejaa grisi. Alhamisi akafika hapa kwetu nikiwa shambani, akaacha boksi barazani na kumwambia Azniv ni langu. Ukoo wao wanalima matikiti kule Mendota, na kila mtu anajua kwamba kwao kuomba radhi ni kupeleka matikiti, hawasemi neno, na ukishalikata tikiti umeshasamehe, basi mimi nimekataa kulifungua na nimekataa liingizwe ndani. Azniv alijaribu kulisogeza ili afagie, akasema ni zito, limemtia maumivu ya mgongo. Leo ni siku ya tano liko palepale juani na Azniv anafagia kulizunguka.

Kuna mtu mmoja kule mjini Selma ambaye nasikia huunganisha mashine kwenye gari jingine, kisha anaandika namba za gari lako. Je, niende kwake, au nimwambie Talin afikirie upya mtu anayemwangusha baba mkwe wake kabla hata ya kuvaa pete?

Wako mwenye moyo mzito,
Baba wa Bibi Harusi, Fowler

*

Ndugu yangu Baba wa Bibi Harusi,

Majina nimeyabadilisha, ila Fowler ni ndogo na kufikia Jumapili mtakuwa mmeshajulikana, kwa hiyo afadhali umalize mambo kabla ya ibada.

Pole kwa valvu. Sisemi kwa dhihaka. Marehemu mume wangu alikuwa na gari la aina hiyo na mimi nililishikia tochi miaka mingi, najua kitu kinavyouma ukikitupa mwenyewe. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe ulikwenda kwa kijana mwenye leseni moja, leseni ambayo kesho ndiyo itakayomlisha binti yako na wajukuu wako, ukamwambia aiweke rehani ili wewe usione haya kwa kosa la kusafisha gereji. Akakataa kwa adabu, akikuita baba. Ukamuuliza atamlinda binti yako na nini. Jibu alikuwa ameshakupa. Mtu uliyeshindwa kumpindisha wewe, mkwe wake, na mwingine hatampindisha. Huko Selma usikanyage. Yule anayeandika namba za uongo kwa ajili yako leo, kesho ataandika jina lako akibanwa.

Na binti yako umemwelewa vibaya. Amekuambia waziwazi alichoomba, na alichoomba ni wewe. Ile kauli kwamba hutakwenda kanisani uifute leo, ana kwa ana, wala usimtume Azniv. Sema neno samahani lenyewe. Ninyi hamlimi matikiti.

Sasa tuje kwenye boksi, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili na wewe nadhani hukuisoma hata mara moja. Unaniambia boksi la matikiti limekaa juani siku tano, Fowler, mwezi wa saba. Ndugu yangu, nimezaliwa bonde hili. Tikiti la siku tano kwenye joto hili lingekuwa limepasuka, limechuruzika hadi kwenye ngazi, na nzi wangekuwa wanaendesha sherehe yao. Hukuandika habari ya harufu. Hukuandika habari ya nzi. Azniv, mwanamke anayefagia baraza kila siku, halalamiki ila mgongo.

Kijana alikuuliza valvu ya awali iko wapi, ukamfokea, akajua haipo. Akaacha keki yake ya harusi akaenda Bakersfield, ambako kila mwenye gari la zamani anajua kuna uwanja wa magari mabovu, akarudi na grisi mikononi, na uzito ule uliomuumiza Azniv mgongo ni wa chuma, pengine valvu pamoja na kipande inachofungiwa. Hakumweleza Talin kwa sababu angelazimika kumweleza na kosa lako, na yeye alikuwa anakusitiri. Kwa hiyo, ndugu yangu, kitu kidogo kama kikombe cha kahawa amekufichia.

Fanya hivi. Mpigie simu Raffi, na umwite Raffi, maana katika barua nzima umelitaja jina lake mara moja tu, kama mtu anayelipa faini. Mwalike Jumapili baada ya ibada, mfunge valvu pamoja, na wewe ndiye ushike tochi. Jumatatu ulipeleke gari kituo kingine, likiwa limetembea hadi injini ipate moto vizuri, na asilikague yeye, ili mtu asiwe na la kusema. Likipita, valvu ibaki palepale. Siku ya harusi mwendo wenyewe ni wa taratibu, na injini yako haitakufa kwa kukosa pumzi kutoka nyumbani hadi kanisani.

Lakini kabla ya simu, weka gazeti hili chini, chukua kile kisu chako cha kukatia zabibu, nenda barazani ukafungue boksi. Ukikuta matikiti, niandikie unitukane, nami nitaichapa barua yako yote.

Bi Knarik