Hadi Kwenye Kiwiko

Mama,

Natumai jua limewaka huko ukaanika mahindi. Huku Busia joto ni kali, lakini nakuandikia juu ya kaka Wafula. Unajua usonji wake: mtu mzima wa miaka thelathini, na hataki kuguswa hata na kinyozi. Leo nilimpeleka mtaa wa Burumba kwa dada mmoja anayekanda watu kama yeye. Dada huyo alizima redio, akashusha pazia, akachukua mafuta yasiyo na harufu.

"Wafula, naweza kushika mkono wako?"

"Hapana."

"Sawa," akasema, akakaa. Hakumbembeleza, wala hakunigeukia nimjibie. Baada ya muda akauliza tena, akaambiwa hapana tena, akaendelea kukaa. Mimi ndiye niliyekuwa natokwa na jasho.

Mara Wafula akanyoosha mkono mwenyewe. "Hadi hapa," akaonyesha kiwiko.

Dada akamkanda polepole, na hakuvuka kiwiko hata kidogo. Mama, nimeona mabega ya Wafula yakishuka! Alifumba macho akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Tukifika huko nyumbani usimkimbilie kumkumbatia. Muulize kwanza, halafu ungoje.

Nakupenda sana,
Nekesa